Kura tatu za Tabora na dhamiri ya Mkristo



Jumatano hii, Oktoba 28, 2020, tunakwenda kupiga kura. Utaonyesha kadi yako, karani atalitafuta jina lako kwenye daftari, kisha utapewa karatasi tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Utaingia kwenye kituturi peke yako. Mchungaji wako hatakuwamo humo, wala mwenyekiti wa mtaa, wala mumeo, wala mkeo. Utakuwa wewe, kalamu, na Mungu aonaye sirini.

Wengi wetu tumezoea kupiga kura Jumapili. Mwaka 1995, 2000, 2010 na 2015 tulitoka ibadani tukaenda moja kwa moja kituoni, Biblia kwapani na kadi mfukoni. Mwaka 2005 ndipo tulipiga kura Jumatano, baada ya uchaguzi kusogezwa hadi Desemba 14. Safari hii tena ni Jumatano, nami naona kuna neema ndani yake. Kati ya mahubiri ya leo na karatasi ya kura tumepewa siku tatu za kujihoji. Naomba niitumie nafasi hii kukueleza jambo ambalo sijapata kulisema hadharani.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, Mmoravian wa kuzaliwa. Babu yangu alibatizwa Urambo, kwenye misheni ambayo Wamoravian waliipokea mwaka 1898 kutoka London Missionary Society. Nimelelewa katika Ukristo ambao vijana wa leo wanauita wa kizamani. Sinywi pombe. Naamini ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja mpaka kifo. Naamini mtoto aliye tumboni ni mtu, na Mungu alimjua kabla mkunga hajamshika. Ukiniita mhafidhina sitakasirika.

Kwa mtu wa namna yangu ungedhani kupiga kura ni kazi nyepesi: mtafute mgombea anayeamini unavyoamini, weka alama ya V, rudi nyumbani. Nami nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba wakipanda jukwaani, karibu wagombea wote wa nchi hii wanasema kama mimi. Wa chama hiki na wa chama kile, Wakristo kwa Waislamu, wote wanaanza kwa kumtaja Mungu, wote wanaisifu ndoa, wote wanalaani ulevi na uasherati. Sijapata kumwona mtu aliyepanda jukwaa Tabora kuitetea dhambi. Kwa hiyo kipimo cha "anasema ninachokiamini" hakinisaidii kuchagua. Ni chekeche lenye matundu makubwa. Kila kitu kinapita.

Bahasha ya wazee

Ilikuwa mwaka mmoja wa uchaguzi, zamani kidogo. Mwaka wenyewe na kata yenyewe nitaviacha, maana wahusika wana watoto na wajukuu. Kwenye udiwani walisimama watu wawili wenye nguvu.

Wa kwanza alikuwa mtu wetu. Nasema "mtu wetu" kwa sababu ndivyo tulivyomwita pale usharikani. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, hodari kwenye harambee, na alikuwa ametoa mifuko ya saruji kwa ajili ya ukuta wa kanisa. Wa pili alikuwa jirani yangu, Mwislamu, fundi seremala. Kwa miaka mingi ndiye aliyetunza fedha za kioski cha maji cha mtaa. Kila mwisho wa mwezi alibandika karatasi mlangoni pa kioski: ndoo ngapi zimeuzwa, shilingi ngapi zimeingia, ngapi zimetoka. Mwezi mmoja hesabu ilipungua shilingi mia nane. Akaandika chini kwa mkono wake kwamba amezilipa mwenyewe, kwa kuwa hakumbuki zilikokwenda.

Kuhusu mtu wetu nilijua mambo mawili. Nilijua kwamba kiwanja cha mjane mmoja wa usharika kilikuwa kimehamia kwenye jina lake kwa njia ambayo mjane yule hakuielewa. Na nilijua, maana niliona kwa macho yangu alfajiri moja, kwamba gari lake lilikuwa likitoka kwenye nyumba ambayo sisi sote mtaani tunafahamu mwenyewe anafanya kazi gani. Si nyumba ya daktari, wala si nyumba ya mchungaji.

Wiki moja kabla ya kura alikuja kwangu usiku.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu ndani."

Tulizungumza habari za ukuta wa kanisa, kisha tukaomba pamoja. Ndiyo, msomaji, tuliomba. Alipoaga alinishika mkono, na alipouachia ikabaki bahasha. "Ya soda ya wazee, Mwalimu," akasema. Ndani mlikuwa na shilingi elfu thelathini. Binti yangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ada. Nilijiambia kwamba sikuomba fedha ile. Nilijiambia pia kwamba hata bila bahasha kura yangu ingekuwa yake. Nimekuja kutambua kwamba hakuna uongo ambao bahasha humfundisha mtu haraka kama huo.

Uchaguzi ule ulikuwa Jumapili. Asubuhi ibadani ilisomwa Zaburi ya 15, ile inayouliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na miongoni mwa majibu yake ni mtu asiyepokea rushwa ili kumwangamiza asiye na hatia. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wazee. Niliangalia viatu vyangu mpaka msomaji alipomaliza.

Kituo chetu kilikuwa darasani, shule ya msingi. Jirani yangu alikuwa kwenye foleni, watu watatu mbele yangu. Akageuka. "Mwangaluka, Mwalimu. Mungu atupe amani leo." Hakuniomba kura. Nadhani aliona haya kumwomba mtu ambaye amechota maji kwake kwa miaka kumi na kusoma hesabu zake mlangoni. Nikaingia kwenye kituturi, nikampa kura mtu wetu. Sababu niliyojipa ni kwamba Mkristo ni Mkristo, na kata ikienda kwa watu wa dini nyingine, kesho kanisa litakosa msemaji.

Mtu wetu alishinda. Ukuta ulikamilika, na mpaka leo ni ukuta mzuri. Lakini fedha za kioski zilipewa kamati mpya ya watu wake, na karatasi mlangoni hazikuonekana tena. Mwaka wa pili pampu ilikufa. Mke wangu alinunua maji ya madumu kwenye mkokoteni kwa bei ya mwenye mkokoteni. Mjane yule alihamia kwa kaka yake Sikonge. Na mdogo wangu alipofariki, aliyefika wa kwanza mlangoni kwangu alikuwa jirani yangu seremala. Yeye na wenzake wa msikitini ndio waliochimba kaburi, kisha akakataa kulipwa mbao za jeneza.

Sikumwambia kura yangu ilikwenda wapi. Sasa naye ametangulia, na siwezi kumwambia tena. Ndiyo maana nakuambia wewe.

Mkutano wa Januari 1958

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi yangu ilikuwa kufundisha historia. Kila mwaka nilisimama mbele ya darasa nikafundisha somo ambalo lingeniokoa siku ile, kama ningejisikiliza mwenyewe. Ni somo lililotokea hapa hapa Tabora.

Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu katika mji huu. Serikali ya kikoloni chini ya Gavana Edward Twining ilikuwa imekubali uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, kwa masharti. Sharti moja lilikuwa la kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukichagua mmoja tu au wawili, kura yako imeharibika. Jimbo lenye Waafrika kwa maelfu na Wazungu wachache lingetoa idadi ile ile ya wajumbe kwa kila rangi. Sharti jingine lilikuwa la sifa za mpiga kura: uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotambuliwa. Mkulima wa tumbaku wa Urambo na mrina asali wa Sikonge walikuwa nje. Katika nchi yenye watu karibu milioni tisa, waliojiandikisha walikuwa kama elfu sitini. Linganisha na mwaka 2020: daftari lilikuwa na majina zaidi ya milioni 29.

Wajumbe walifika Tabora wakiwa na hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki. Wengi walitaka TANU isusie. Walisema kuingia katika uchaguzi wa namna ile ni kuubariki ubaguzi kwa mikono yao wenyewe. Aliyesimama kuwashawishi kinyume chake alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, na mji huu haukuwa mgeni kwake. Alikuwa amesoma Tabora School, kisha akafundisha St. Mary's, shule ya Mapadre Weupe, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Hoja yake ilikuwa kwamba tukisusia, viti vyote vitakwenda kwa chama cha United Tanganyika Party kilichopendwa na serikali, na mlango ambao tungeutumia kuiondoa sheria ile mbaya tutakuwa tumeufunga sisi wenyewe. Baada ya mabishano makali mkutano ulikubali kushiriki. Uamuzi ule ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara wa Tabora.

Si wote waliokubali. Zuberi Mtemvu alijitenga na TANU akaanzisha chama chake, African National Congress. Darasani sikupenda kumfanya kichekesho. Aliona ubaya wa kweli katika sheria ile, akasema hawezi. Mtu anayesema "hapa dhamiri yangu inagoma" anastahili kusikilizwa, hata kama mwisho tutatofautiana naye.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Waliosimama kwa tiketi ya TANU au kwa kuungwa mkono nayo walishinda kwa kishindo, Waafrika, Waasia na Wazungu, na United Tanganyika Party ikafifia. Miaka isiyozidi mitatu baadaye, Desemba 9, 1961, nchi ilikuwa huru, na kura ya rangi tatu ilikuwa imekwisha zikwa.

Somo ambalo mwalimu hakulisikia

Msomaji wangu, naona mambo mawili katika kura zile tatu.

La kwanza ni kwa sisi tunaopenda usafi. Mkristo mwenye msimamo mkali anakutana na karatasi ya kura kama mtu anayekutana na chakula chenye mchanga. Mgombea huyu ana sera nzuri, lakini kauli zake ni za dharau. Yule ni mpole, lakini chama chake kina mambo usiyoyapenda. Tunaanza kusema, "Nikimpa huyu nitashiriki dhambi zake, bora nikae nyumbani." Wajumbe wa 1958 walikuwa na sababu kubwa kuliko hizo za kukaa nyumbani. Wakaamua kwamba kupita kwenye mlango mbovu si sawa na kuujenga. Karatasi inaweza kuwa na kasoro, na mkono unaoiwekea alama ukabaki safi.

Lakini tusiichukue busara ile tukaifanya ruhusa ya kila kitu. Wajumbe wale walikubali sheria wasiyoipenda. Hakuna aliyewadai waseme uongo, wala wapokee fedha, wala wamdhulumu mjane. Huo ndio mpaka nilioshindwa kuuona. Kura yangu kwa mtu wetu haikuwa kura ya kuvumilia kasoro ya mtu mwema. Nilijua habari ya kiwanja, nilijua habari ya mganga, nilikuwa na fedha yake mfukoni. Unaweza kupiga kura usiyoifurahia. Lakini kama ili uipige lazima kwanza uizime sauti ya Zaburi uliyoisikia asubuhi, hiyo si kura ya kuvumilia tena.

Jambo la pili ni hili. Sheria ile mbaya, bila kukusudia, iliwalazimisha wapiga kura wetu kufanya kitu kigumu: kumchagua mtu asiye wao. Mwafrika ilimbidi aulize, kati ya Wazungu hawa na Wahindi hawa, ni nani tunayeweza kumwamini? Hapo "mtu wetu" hakuwapo. Ilibidi atazame mwenendo. Wakawapata watu kama Derek Bryceson, Lady Chesham na Sophia Mustafa, waliokubali kusimama upande wa wengi. Na usisahau upande wa pili: wazee wengi waliokuwa nguzo za TANU walikuwa Waislamu, na kiongozi waliyemweka mbele alikuwa Mkatoliki. Kama wazee wale wangepiga kura kama nilivyopiga mimi, kwa kuangalia nani anaswali nasi, sijui nchi hii ingekuwa wapi.

Mimi niliyeishi juu ya matunda ya imani yao sikuweza kumpa jirani yangu seremala alama moja ya kalamu.

Kirangozi

Ukitoka mjini kwenda Kwihara, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, utakuta miembe ya zamani. Mingi ya miembe ya Tabora asili yake ni njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe, ikaenda mpaka Ujiji ziwani. Njia ile ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba machozi ya watumwa. Hilo tusilipambe. Lakini iliwabeba pia wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru waliosafiri kwa ujira, wakibeba frasila mbili mbili begani, zaidi ya kilo 30, kwa miezi mitatu kutoka pwani mpaka hapa.

Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Yeye ndiye aliyejua njia panda, visima na vijiji vya kupumzika, na mara nyingi wapagazi wenyewe ndio waliomchagua. Nikiwa kwenye miembe ile huwa najiuliza waliangalia nini walipomchagua. Mtu akiwa na kilo 30 begani na kiu kooni hana nafasi ya kuchagua kwa jina la ukoo. Anataka kujua: huyu anakijua kisima? Akisema maji yako mbele, yatakuwapo? Tukishambuliwa, atakimbia? Posho ikigawanywa, atatoa kwa haki?

Yethro alimpa Musa ushauri unaofanana na huo jangwani. Ukifungua Kutoka 18:21 utaona sifa alizozitaja kwa watakaowaamua watu: wawe na uwezo, wamche Mungu, wawe wa kweli, na wachukie mapato ya dhuluma. Angalia kwamba sifa nne hizo zinakwenda pamoja. Mimi nilichukua moja tu, ya kumcha Mungu, nikaipima kwa kuangalia nani yuko kwaya. Nyingine tatu nikazifumbia macho. Na kumbe ile moja nayo nilikuwa nimeipima vibaya, maana amchaye Mungu hamnyang'anyi mjane kiwanja.

Mambo matatu ya kubeba kituoni

Kwa kuwa utapewa karatasi tatu, nami nakupa maswali matatu. Yatumie kwa kila karatasi.

Swali la kwanza: Je, nimepewa kitu? Iwe kanga, fulana, kilo ya sukari, sahani ya pilau, au bahasha ya soda. Wapo wanaosema ni ukarimu tu. Kuanzia mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilikubali kitu kilichoitwa takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipokitupa mwaka 2006, kwa kuona kwamba kinafungua mlango wa rushwa na kuwabagua wagombea wasio na fedha. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwa hiyo hata sheria ya nchi imeona ambacho Mkristo alipaswa kukiona kabla ya wabunge. Kama umepokea, usiseme "nitakula chake na kura nimpe mwingine," ukadhani umekuwa mjanja. Tubu, na kama unaweza, rudisha. Elfu thelathini zile mimi sikuzirudisha. Nilizitoa sadaka miaka mingi baadaye, lakini ada ilikuwa imeshalipwa kwa fedha ya mjane.

Swali la pili: Huyu mtu anatafuta nguvu zake wapi? Mikoa yetu ya magharibi na Kanda ya Ziwa imebeba aibu kubwa. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya watu wanaoamini kwamba mwili wa mwenzao utawaletea utajiri au madaraka. Januari 2015, katika mwaka wa uchaguzi, Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi, na watetezi wa haki za binadamu walionya kwamba hatari huongezeka kampeni zinapokaribia. Mtu anayemwendea mganga ili apate kiti, hata kama anaambiwa alete kuku tu, anaulisha mti ambao matunda yake ni hayo. Mkristo anayesema msimamo wake ni mkali, akaulizia habari za pombe na asiulizie hili, ukali wake una mapengo.

Swali la tatu: Aliposhika kidogo, alikishikaje? Bwana Yesu alifundisha kwamba mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu katika lililo kubwa. Usisubiri jukwaa likuambie. Uliza waliofanya naye kazi, waliokopeshana naye, wafanyakazi wake wa ndani, majirani wa kiwanja chake. Kioski cha maji kiliniambia yote niliyohitaji kujua kuhusu watu wawili, na kilikuwa hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu.

Kwa wewe unayetaka kubaki nyumbani

Najua wapo wanaosoma haya wakiwa wamekata tamaa. Mwaka huu kuna wagombea walioenguliwa, na kuna kata ambazo karatasi ya Diwani haitakuwapo kabisa. Unaweza kuwa na malalamiko ya haki. Sitakuambia yameze. Yaseme kwa adabu na kwa njia za halali, maana ukweli nao ni sehemu ya ibada. Nakukumbusha tu wale wajumbe wa 1958, ambao karatasi yao ilikuwa mbaya kuliko yako, na hata hivyo wakaenda.

Katika Waamuzi sura ya 9, Yothamu alisimulia jinsi miti ilivyokwenda kujitafutia mfalme. Mzeituni ulikataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, kila mmoja ukiwa na kazi yake nzuri. Mwiba ndio uliokubali. Wahubiri wetu hulitumia fumbo hilo kuwasuta watu wema wanaoogopa siasa, na wako sahihi. Lakini kwangu mimi fumbo lina uchungu wa ziada. Katika kata yetu mzeituni ulikubali. Ulisimama kwenye foleni, ukanisalimu asubuhi, na mimi nikaenda nikauchagua mwiba kwa sababu ulikuwa umeota karibu na kanisa.

Wakitangaza matokeo, mtakuwa bado majirani. Aliyempa huyu na aliyempa yule mtakutana kisimani, sokoni na makaburini. Kwa hiyo kuanzia leo mpaka Jumatano, linda ulimi wako, hasa kwenye simu. Usisambaze usilolijua. Usimwite mwenzako adui wa Mungu kwa sababu ya rangi ya fulana. Na mtu akikwambia kanisani, "Tumchague huyu, ni mtu wetu," muulize kwa upole: ni wetu kwa lipi?

Neno kura katika Biblia lina maana ya zamani kuliko masanduku yetu. Mitume walipiga kura kumpata wa kushika nafasi ya Yuda, na kabla ya kupiga waliomba, wakimkumbuka Mungu kuwa ndiye ajuaye mioyo ya watu wote. Sisi Wamoravian tunajua kwamba hata baba zetu wa Herrnhut katika karne ya 18 walitumia kura katika maamuzi mazito, wakiogopa kujiamini wenyewe. Hatupigi tena kura ya namna ile, lakini hofu ile tunaihitaji. Mioyo ya wagombea hatuijui. Wetu wenyewe tunaujua kidogo. Yeye anaijua yote.

Jumanne usiku, kabla ya kulala, piga magoti uombe. Ombea wagombea wote kwa majina, hata usiyempenda. Ombea makarani na mawakala, askari na wasimamizi wa vituo, wahesabu kwa haki. Kisha ombea mkono wako. Asubuhi nenda mapema, nenda kwa amani, na ukiwa kwenye foleni msalimie jirani yako.

Mungu akubariki, Mungu aibariki Tanzania. Jumapili njema.